Nyumba ya Kota Haina Mrithi Mmoja

Mwezi uliopita baba yangu alinipigia simu kutoka Tabora, akanitaka nisafiri upesi nikiwa na kitambulisho changu cha taifa na picha ndogo mbili. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: alitaka nyumba yake iandikwe jina langu kabla hajafumba macho. Nilimuuliza kama mama ana habari. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama yako na makaratasi wapi na wapi?"

Swali hilo si la mzee mmoja. Katika miaka michache ijayo litaulizwa katika sebule nyingi za nchi hii, na naamini kwamba tukilijibu kwa mazoea tutawatoa nje watu walewale ambao nyumba hizo ziliuzwa kwa bei nafuu kwa ajili yao.

Nyumba ninayoizungumzia ni kota ya serikali. Baba alikuwa mtumishi wa umma, akapangiwa nyumba hiyo akiwa kazini, na mwaka 2003 akauziwa. Wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajazaliwa wakati huo, kwa hiyo nieleze kidogo. Kuanzia mwaka 2002, katika serikali ya awamu ya tatu ya Rais Benjamin Mkapa, serikali iliamua kuwauzia watumishi wake nyumba ilizokuwa inazimiliki. Wizara ya Ujenzi ilikuwa chini ya John Magufuli, na chombo kilichosimamia ni Wakala wa Majengo Tanzania, yaani TBA, ulioanzishwa mwaka huohuo wa 2002. Maelfu ya nyumba ziliuzwa, Dar es Salaam na mikoani. Bei ilikuwa chini ya ile ambayo mtu angelipa sokoni, na mnunuzi aliruhusiwa kulipa kwa awamu. Serikali nayo iliweka sharti: aliyeuziwa asiiuze nyumba hiyo ndani ya miaka 25.

Uamuzi ule ulilaumiwa sana, na lawama nyingine zilifika Bungeni. Waliolaumu walisema nchi imejinyang'anya yenyewe nyumba, na kwamba mtumishi anayehamishiwa kituo kipya atakosa pa kulala. Waliotetea walisema serikali imejitua mzigo wa matengenezo na kumpa mtumishi mahali pa kuzeekea. Sikusudii kuufufua mjadala huo wote hapa. Nataka tukubaliane juu ya jambo moja tu ambalo pande zote mbili zililikiri: tofauti kati ya bei ya soko na bei aliyolipa mnunuzi ilikuwa fedha ya umma. Mwalimu na muuguzi wanaopangiwa kazi leo katika wilaya za mkoa wetu, wakaanza kwa kutafuta chumba cha kupanga, wamechangia nyumba ya baba yangu bila kuulizwa.

Sasa hesabu ni rahisi. Waliouziwa mwaka 2002 wanafikia ukomo wa miaka 25 mwaka 2027. Baba yangu anaufikia mwaka 2028. Wanunuzi wale wengi walikuwa tayari watu wazima. Leo ni wastaafu wenye mvi, na wengine wametangulia mbele ya haki. Kwa maneno mengine, sharti linakaribia kuisha wakati uleule ambapo wenye majina kwenye hati wanaondoka duniani. Kabla ya mnada wa soko kuanza, kuna uhamisho wa kimyakimya unaoendelea ndani ya familia: nyumba inatoka kwa mzee kwenda kwa kijana mmoja aliyechaguliwa, kwa kawaida mwanamume, kwa kawaida aliyesoma, na kwa kawaida asiyeishi humo.

Mimi ndiye kijana huyo. Naishi kwingine kwa sababu ya kazi, na nina paa langu. Anayeishi katika nyumba ile ni mama, pamoja na dada yangu aliyerudi baada ya ndoa yake kuvunjika, na wanawe wawili. Dada ndiye anayempeleka mama kliniki ya kisukari, ndiye anayejua bomba lipi limevuja na nani analitengeneza. Jina lake halikutajwa katika simu ya baba hata mara moja.

Nilisafiri. Tabora ni mji unaofaa kutafakari habari za nani mwenye nyumba. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, hapa Unyanyembe palikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, bado lipo tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, na leo ni makumbusho. Vitabu vinawakumbuka wasafiri na wafanyabiashara. Vinawakumbuka pia, ingawa kwa uchache, wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani wakati wa kiangazi na kurudi kwao mvua za kilimo zilipokaribia. Wanawake wengine walifuatana na misafara hiyo. Lakini nyumba, shamba na ghala vilihitaji watu wa kubaki, na waliobaki kwa wingi walikuwa wanawake. Mwanamume alirudi na nguo na sifa, akakuta moto unawaka. Sisi tumerithi tabia ya kumwandika msafiri na kumsahau aliyebaki. Hati ya nyumba yetu imeandikwa kwa tabia hiyohiyo.

Baba alinipokea kwa utani wake wa siku zote. "Karibu, daktari wa vitabu. Leo tutaona kama vitabu vinajua kuandika nyumba." Pembeni yake alikaa mtu mmoja ambaye sitamtaja, anayejulikana mtaani kuwa ni mjuzi wa mambo ya ofisi. Alikuwa na mpango tayari. Tuandikishane mkataba wa mauziano sasa, tuuache bila tarehe, uhifadhiwe kabatini. Baba anipe na hati ya uwakala. Mwaka 2028 ukifika, tarehe itajazwa na nyumba itakuwa yangu. Alisema watu wengi wamefanya hivyo na hakuna aliyeulizwa.

Nilimwambia baba, kwa heshima zote, kwamba mpango ule una mashimo matatu. Kwanza, ni mauzo yaliyofichwa wakati mauzo yamezuiwa. Pili, hati ya uwakala hufa pamoja na aliyeitoa. Mungu akimchukua mzee mwaka 2027, karatasi ile haina nguvu tena, na yeyote atakayejaza tarehe baada ya hapo atakuwa ameghushi. Tatu, na hili ndilo kubwa, mpango mzima umepangwa bila mama.

Baba alijitetea kwa hoja ambayo naiheshimu. Alisema amezika rafiki zake wengi, na ameona yanayofuata: kikao cha ukoo kinakaa, msimamizi wa mirathi anateuliwa, na kabla ya mwaka kwisha nyumba imeuzwa na mjane amehamia kwa mwanawe. Anataka kuifunga nyumba kwa jina la mtu mmoja anayemwamini, ili isitafunwe. "Wewe utawalinda," alisema.

Huruma ya baba ilikuwa ya kweli, lakini njia yake ilikuwa ya hatari. Ukimpa mtu umiliki ili awe mlinzi, umempa zaidi ya ulinzi. Nikifa mimi kabla ya mama, nyumba itaingia katika mirathi yangu, na mama yangu atakuwa mgeni wa mke wangu na wanangu ndani ya nyumba aliyoipaka chokaa kwa mikono yake. Nikikopa benki na kushindwa kulipa, dalali hataniuliza niliahidi nini kwenye simu. Wema wa mwenye jina si ulinzi. Unategemea uhai wake, akili yake, madeni yake na ndoa yake.

Hapa ndipo sheria inapaswa kusomwa, na watumishi wenzangu wa umma wanisikilize vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema kwamba nyumba ya ndoa, hata ikiwa na jina la mwenzi mmoja tu, haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kupangishwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili wakati ndoa ingali hai. Neno zawadi limo humo kwa makusudi. Baba aliyedhani kwamba kumpa mwanawe bure ni jambo tofauti na kuuza, kifungu hicho kinamkatalia. Tena kinampa mke haki inayoweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye daftari la hati.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekwenda mbele zaidi. Kifungu cha 161 kinachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa ajili ya makazi na matumizi ya wanandoa wote wawili ni yao wote wawili, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na pale ambapo jina ni la mmoja, mwenzake aliyechangia kwa nguvu zake katika kuitunza na kuiboresha anapata haki ndani yake. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile, kwa kuwa mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe. Lakini kanuni ilibaki, na imewasaidia wengi baada yake.

Baba alisema nyumba ni jasho lake, kwa sababu makato yalitoka kwenye mshahara wake na salio alilimaliza kwa kiinua mgongo. Ni kweli. Lakini nakumbuka miaka ile ya makato. Mshahara ulifika nyumbani umekwisha, na sisi tulikula mchele na karanga alizokuwa anauza mama. Kama makato yalilipa nyumba, karanga zililipa makato.

Kwa nini nasisitiza uhamisho ufanyike wazi na mapema, badala ya kusubiri mirathi? Kwa sababu mirathi katika nchi yetu bado ni uwanja usio sawa. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, limewaweka mabinti daraja la tatu, nyuma ya watoto wa kiume, na mjane halimpi fungu katika mali ya mumewe ikiwa ndugu wa ukoo wapo. Linamwacha atunzwe na wanawe. Wajane wawili kutoka jirani zetu wa Shinyanga walilipinga tamko hilo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki zao. Kwa familia za Kiislamu mafungu yanajulikana: mjane mwenye watoto hupata thumni, na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Lakini hata mafungu hayo huyeyuka pale nyumba nzima inapokuwa imeshahamishiwa kwa kijana mmoja wakati mzee yungali hai.

Lipo na kosa jingine la kila siku. Msimamizi wa mirathi huandikishwa kwenye hati ili agawe mali kwa warithi. Yeye ni mtumishi wa marehemu na wa warithi. Huku mitaani jina lake likishaingia kwenye hati, huonwa kuwa ndiye mwenye nyumba, na wengi wao huamini hivyo wenyewe.

Wenzetu wamekwishapita njia hii. Uingereza ilipoanza kuwauzia wapangaji nyumba za halmashauri kwa punguzo kubwa, kwa sheria ya mwaka 1980, iliweka sharti kwamba anayeiuza mapema arudishe sehemu ya punguzo. Sheria yao ya mwaka 1985 ilisamehe uhamisho ndani ya familia, ila kwa kipimo: kwa mwenzi wa ndoa, au kwa ndugu aliyekuwa akiishi na mwenye nyumba katika miezi 12 iliyotangulia uhamisho. Tazameni kipimo hicho kinavyouliza. Hakiulizi nani mkubwa, nani mwanamume wala nani amesoma. Kinauliza nani anaishi humo. Kwa kipimo hicho mama angepita, dada angepita, na mimi ningeanguka.

Afrika Kusini nako, nyumba zinazotolewa kwa ruzuku ya serikali zimewekewa zuio la kuuzwa kwa miaka 8 isipokuwa zitolewe kwanza kwa serikali. Wengi wameuziana kienyeji hata hivyo, na matokeo yake ni nyumba ambazo jina la kwenye hati ni la mtu mmoja na anayelala ndani ni mwingine. Zuio peke yake, bila mlango halali wa kupitia, hufundisha watu kupita dirishani. Mkataba ule wa kabatini, usio na tarehe, ni dirisha letu.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na ninayaelekeza kwa TBA, kwa Wizara ya Ardhi na kwa familia zetu.

La kwanza, kabla ya miaka 25 kwisha, kila mnunuzi aliye hai na mwenye ndoa aitwe na apewe njia nyepesi ya kuingiza jina la mwenzi wake kwenye hati. Nyumba iliuzwa kwa bei nafuu kwa sababu mtumishi ana familia. Hati na iseme hivyo.

La pili, uhamisho wa nyumba hizi kwa ndugu utenganishwe na mauzo na uwe na utaratibu wake ulioandikwa. Mwombaji aandike barua, ajibiwe kwa muda unaojulikana, na swali la kwanza la ofisi liwe nani wanaishi katika nyumba hiyo na wamesemaje. Mtu asilazimike kudanganya ili afanye jambo ambalo lingeweza kuruhusiwa akisema kweli.

La tatu, ridhaa ya mwenzi isiwe sahihi iliyoletwa kutoka nyumbani kwenye bahasha. Mwenzi afike mwenyewe, au afuatwe kama hawezi kutembea, asomewe kwa lugha anayoielewa, ndipo atie sahihi au dole gumba.

La nne, miaka 25 ikishapita na nyumba ikauzwa kwa mtu wa nje kwa bei ya soko, sehemu ya faida irudi kwenye mfuko wa kujenga nyumba za watumishi. Najua pendekezo hili litawaudhi wengi, wakiwemo wa nyumbani kwetu. Lakini punguzo lile lilitoka kwa umma, na umma bado una walimu wasio na nyumba.

Nirudi barazani. Yule mjuzi wa mambo ya ofisi alipoondoka, nilimsomea baba kifungu cha 59 polepole, kama ninavyowasomea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mama alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Nilipomaliza, alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye mkeka. Nilitarajia aseme habari za haki. Alisema hivi: "Mimi sina haja ya kuitwa mwenye nyumba. Ninachotaka ni asije akatokea mtu siku moja akaniuliza nimefuata nini hapa."

Baba hakujibu. Tulikula, tukalala. Asubuhi nilimkuta amekwisha kumwita dada amtafutie ule mkataba wa mwaka 2003 ndani ya sanduku la bati, na kando ya mkataba alikuwa ameweka kitambulisho cha mama. Changu alinirudishia. "Hiki hakitumiki leo," alisema.

Tumeandika barua kuomba jina la mama liongezwe, na baba ameanza kuandika wosia unaomtaja dada na wanawe kuwa wakaazi. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halijafika. Mama anaendelea kuuliza kila ninapopiga simu, na mimi sina la kumwambia ila kwamba tunasubiri. Ninyi mnaosoma haya mkiwa nyuma ya madawati ya ofisi za umma, barua za namna hii zitaongezeka mezani kwenu mwaka hadi mwaka. Tafadhali zijibuni wakati walioziandika wangali hai.